Pete Nane za Bi Tima

Nilistaafu Ijumaa iliyopita, nikiwa na umri wa miaka kumi na minane na miezi minne. Utumishi wangu ulikuwa wa miezi minane, tangu Januari, matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, hadi wiki iliyopita, maana wiki hii chuo kinafunguliwa. Mzee Kazungu, fundi wa maabara niliyoitumikia, alininunulia kaimati, tukazila tumesimama nje kwa sababu ndani ya maabara hakuliwi kitu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sherehe ya kuniaga. Kisha akaniambia, "Andika. Atakayekuja baada yako asianze gizani."

Mimi si msemaji, na kila aliyesoma nami analijua hilo. Daftari ndilo nisilolionea haya. Kwa hiyo wewe utakayekalia kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, haya ni yako. Posho sitaitaja. Utaiona mwenyewe, na utanyamaza kama nilivyonyamaza.

Maabara iko nyuma ya hospitali, upande wa Kizingo, chini ya miti mikubwa. Wenyeji wa huko huenda kila mahali kwa magari, hata wakifuata mkate. Mimi nilitoka Kibokoni kwa miguu, nikapita Ngomeni, na siku ya kwanza nilifika robo saa mapema nikazunguka jengo mara tatu kwa sababu niliona haya kugonga mlango. Aliyenifungulia ni Daktari, mkuu wetu, mama mfupi anayesema haraka. Aliniuliza kama naogopa damu. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama naogopa watu. Nikanyamaza.

"Vyema," akasema. "Hapa damu ni kidogo, na watu ni wachache zaidi."

Kazi yenyewe ni hii. Mtu akifanyiwa upasuaji wa pafu, akatolewa sehemu iliyoharibika, huwa kando yake kuna nyama kidogo nzima ambayo hospitali haiihitaji kwa vipimo vyake. Kama mwenyewe alikubali na kutia sahihi, ile nyama huletwa kwetu ndani ya chupa iliyozungukwa na barafu. Mzee Kazungu huiweka chini ya darubini, akatafuta mishipa midogo ya damu, akaisafisha, akaikata vipande vyembamba vya mviringo. Twaviita pete. Pete moja ina upana wa punje ya mchele uliovunjika. Hutungikwa kati ya nyaya mbili nyembamba ndani ya kikombe cha kioo chenye maji ya chumvi ya joto la mwili, na hewa hububujika humo muda wote. Vikombe hivyo viko vinane na twaviita hodhi. Waya mmoja haujongei. Wa pili umefungwa kwenye kipimo kinachohisi mvuto. Pete ikijikaza, mstari kwenye kompyuta hupanda. Ikilegea, mstari hushuka.

Basi. Mtu akikuuliza unafanya kazi gani, mwambie unauliza mishipa maswali nayo inajibu kwa kuvuta waya. Shangazi yangu nilimwambia hivyo, akaniombea dua.

Mwezi wa kwanza sikuuliza mshipa wowote swali. Niliosha vioo. Nilidhani najua kuosha, nimekulia nyumba ya watoto saba, lakini siku ya pili Mzee Kazungu aliinua kikombe changu kuelekea dirishani akakirudisha kwenye beseni.

"Kinang'aa," nikasema kwa sauti ya chini.

"Kung'aa ni kwa wageni. Hapa kioo huoshwa mpaka kisahau. Sabuni ikibaki hata harufu yake, mshipa utakujibu habari za sabuni."

Yeye ni mtu wa Kaloleni, yumo kazini tangu mistari ilipochorwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi inayozunguka. Mashine hiyo ya zamani bado ipo pembeni, imefunikwa leso iliyochakaa. Huchora mstari mmoja tu kwa wakati, na kila siku ya kazi huifunga kwenye hodhi moja, akaiacha ikwaruze sambamba na kompyuta. Nilipomuuliza sababu, alisema kompyuta haijawahi kumwonyesha kitu baada ya umeme kupotea. Mimi aliniita Bi Kimya. "Bi Kimya, leo umeumeza ulimi au umeusahau Kibokoni?" Nikiona haya, ndipo huongeza.

Siku niliyoajiriwa kwa kweli, kwa moyo wangu, ni Alhamisi moja ya Februari. Aliniita niache beseni, nikafuta mikono.

"Hii pete imetoka kwa mtu jana mchana. Mwenyewe yuko wodini, amekunywa uji. Hii iko hapa. Hebu iambie kitu."

Alinipa bomba la kupimia tone, akanishika kifundo cha mkono nisitetemeke, nikadondosha endothelini, peptidi inayokaza mishipa, ndani ya hodhi. Sikuona kitu. Dakika nzima ikapita na mstari umelala kama maji ya mkono wa bahari pale Tudor. Nikafikiri nimeharibu, nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi. Kisha mstari ukainuka kidogo. Ukaendelea kuinuka, polepole, kama mama mzito apandaye ngazi na kikapu, asisimame kupumzika. Kwa macho pete ilikuwa ile ile, uzi mweupe katika maji. Lakini waya ulivutwa. Kitu kilichokatwa kutoka kwa mtu, hakina mwenye nacho, hakina moyo unaokisukuma, kimesikia neno na kimelitii.

Daftari langu la siku hiyo lina neno moja: Imevuta.

Jioni nilipiga hesabu ya kiasi nilichotia. Kwa kadiri ile, ungechukua chumvi ya kubana kwa vidole viwili, ukaikoroga ndani ya birika zima la kutawadhia msikitini, na bado mshipa ungeisikia. Nilirudia hesabu mara mbili. Kisha nikatoka kibarazani nikakaa na dada zangu wanaotunga asumini, nisiwaambie kitu, maana ningeanzia wapi?

Lakini asumini ndiyo iliyonifahamisha peptidi ni nini. Ni vijenzi vidogo vilivyounganishwa kimoja baada ya kimoja, kama tumba kwenye uzi. Endothelini ina ishirini na moja. Bradikinini ina tisa tu. Kuna nyingine inayotengenezwa na moyo wenyewe, ina ishirini na nane. Ukibadilisha mpangilio, mshipa huenda usiitambue tena. Endothelini hutengenezwa na utando wa ndani wa mishipa, na huiambia misuli ya mshipa ijikaze. Ile ya moyo hutolewa moyo unapoelemewa na damu, nayo huiambia mishipa ilegee. Yaani moyo ukichoka huyaandikia mapafu barua. Hilo nililisoma shuleni kwa mstari mmoja, tukaambiwa halitokei katika mtihani, tukalipita.

Daktari alitaka kujua jambo moja. Wako watu ambao mishipa ya mapafu yao imekaza na haikubali kulegea, na moyo husukuma mlango uliofungwa mpaka uchoke. Je, mshipa wa pafu la binadamu ukishakazwa na endothelini, barua ya moyo yaweza kuufungua? Na ufunguke kiasi gani?

Yako mambo ambayo hutayakuta katika mwongozo uliobandikwa ukutani, kwa hiyo nayaweka hapa. La kwanza ni utando wa ndani. Ni safu moja tu ya seli, na koleo lako likiugusa umeondoka. Mzee Kazungu alinifundisha kwa pete mbili za mshipa mmoja. Ya kwanza aliitungika nzima. Ya pili aliisugua ndani kwa uzi, mara tatu, taratibu. Zote mbili zikakazwa, kisha zote zikatiwa bradikinini ile ile. Ya kwanza ikalegea vizuri. Ya pili haikushuka hata kidogo, iliongeza kupanda.

"Neno ni lile lile," akasema. "Aliyekuwa akilipokea mlangoni ndiye hayupo."

Kwa barua ya moyo si hivyo. Hiyo huingia hata bila utando, huzungumza na msuli moja kwa moja. Usizichanganye hizo mbili, Daktari hukasirika.

La pili lilinigharimu asubuhi nzima ya Machi. Nilichanganya peptidi dhaifu kabisa ndani ya vichupa vipya, nikatia katika hodhi zote nane, na hakuna pete iliyojibu. Nilishasadiki kuwa mapafu ya mtu yule yalikuwa viziwi. Mzee Kazungu aliuliza, "Ulivilisha kwanza vichupa?" Peptidi zikiwa chache majini hunata kwenye kuta za chupa, kama wazee wa baraza na ukuta wao, na zinazobaki majini hazifiki hata nusu. Lazima uziloweshe kuta kwa protini kidogo kwanza, zishibe. Nilikuwa nimetia maji matupu katika hodhi nane kwa heshima kubwa.

La tatu ni kwamba endothelini haioshwi. Ukishaitia, badilisha maji mara kumi, pete itabaki imekaza. Kila pete hupewa mara moja tu. Hakuna kurudia.

Sasa Bi Tima.

Juni fomu moja ya ridhaa ilikuja na mstari ulioandikwa chini kwa mkono. Daktari aliisoma amesimama, kisha akatusomea sisi. Mgonjwa amekubali kutoa, kwa sharti kwamba kitakachobaki arudishiwe chote, kizikwe. Kwa kawaida mabaki yetu huchomwa kwenye tanuri la hospitali pamoja na mengine. Mimi sharti lile halikunishangaza. Kwetu kiungo kikikatwa huvikwa kitambaa kikazikwa. Mguu wa ami yangu, uliokatwa kwa sababu ya sukari, una mahali pake makaburini, na yeye mwenyewe akienda kuzuru huusalimu kwanza.

"Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa," Mzee Kazungu akasema. "Sioni ugumu."

"Ugumu ni kuhesabu," Daktari akasema. "Mama huyu ni wa Mji wa Kale. Tukimrudishia pungufu, hakuna mwengine wa mjini atakayetutilia sahihi, na watakuwa na haki. Bila sahihi zao tutarudi kupima panya. Kila kinachokatwa kihesabiwe. Bi Kimya ataandika, Mzee atatia sahihi."

Tukafanya hivyo. Mzee Kazungu alikata pete nane, nikaandika nane. Hata vishikizi, vile vinyama vinavyoushika mshipa, alivyovisafisha pembeni aliviweka katika kichupa. Mashine ya wino aliifunga kwenye hodhi ya tano.

Nimeona pete nyingi kwa miezi minane, na hiyo ya tano ndiyo niliyoipenda. Nyingine zilikaza na kulegea kama kawaida, nusu nusu. Ya tano ilipopata endothelini ilipanda mpaka kalamu ikakaribia ukingo wa karatasi. Ikakaa hapo, imekaza, dakika kumi, ishirini. Nikatia barua ya moyo. Mstari ukashuka, ukashuka tena, mpaka ukafika karibu pale ulipoanzia asubuhi. Daktari alitoka ofisini kwake kuja kuutazama, akasimama nyuma yetu. Mzee Kazungu alivua miwani. Nilisikia hewa ikibubujika katika vikombe vinane, na nilisahau kuona haya kwa kuwa nimesimama katikati yao. Yule mwanamke alikuwa wodini amelala. Hakujua kwamba kipande chake kilikuwa kimefungwa na kimefunguka mbele ya watu watatu.

Mchana Daktari alienda kwenye mkutano na Mzee Kazungu akaenda kutafuta chupa ya kutilia mabaki. Nilibaki kuteremsha pete. Mazoea yetu ni kulegeza waya kwanza, halafu kunyonya maji kwa pampu, halafu kutoa pete, kuikausha kwa karatasi na kuipima uzito. Katika hodhi ya tano niligeuza skrubu upande usio wake. Badala ya kulegeza, nilivuta. Sikuhisi ikikatika, ni nyuzi chache tu za nyama. Niliona kitu kinang'aa kwenye waya, nikadhani ni pete, nikabonyeza pampu. Kilichokuwa kinang'aa ni tone la maji.

Pampu hupeleka maji kwenye jagi la dawa ya kuulia vijidudu. Nilimaliza kunyonya maji ya hodhi zote nane, nikamwaga jagi katika sinki kama nifanyavyo siku zote, nikasuuza. Ndipo nikatoa pete na kuzihesabu. Saba.

Nilihesabu tena kwa ncha ya koleo. Nikafungua kichujio cha sinki, nikapata nywele yangu na kipande cha utepe. Na hapa ndipo nitakapoandika nisilotaka kuandika. Nilikaa kwenye kile kiti, nikavuta pete ya nne chini ya darubini, nikachukua mkasi mdogo wa Mzee Kazungu nikaikata katikati. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, maana kwa tone la kwanza la endothelini ulitetemeka. Zikawa nane. Nikazipima, nikaandika.

Mzee Kazungu aliporudi alipitisha kidole kwenye orodha. "Ya nne na ya tano mbona nyepesi?"

"Zilikuwa nyembamba," nikasema.

Akatia sahihi. Hakuuliza zaidi kwa sababu hakuna aliyewahi kumdanganya kwenye meza ile.

Wiki mbili baadaye Bi Tima alikuwa amerudi nyumbani, akatuma kusema yuko tayari na nduguye ameshachimba. Alitaka aletewe mkononi, asitumiwe dereva. Daktari alimtuma Mzee Kazungu, na Mzee Kazungu akasema, "Twende, Bi Kimya, huko ni kwenu." Nilipoona jina la mtaa nilitaka kuugua. Ni vichochoro vitatu kutoka kwetu. Mzee Kazungu alibeba chupa ndani ya kisanduku, na mfukoni alikuwa na karatasi ya wino ya pete ya tano, ameikunja vizuri. Kompyuta ina yake, alisema, hii ni zawadi ya mama.

"Hodi!"

"Karibuni. Piteni, mlango hauna mwenyewe."

Bi Tima alikuwa chumba cha chini, maana ngazi bado zilimshinda. Ni mwanamke mwembamba, na akisema huweka kituo katikati ya maneno, akavuta pumzi, kisha akaendelea kama hakuna kitu. Mzee Kazungu alimwamkia masalkheri, wakaulizana hali, ya nyumba, ya watoto, ya kifua. Kisha Bi Tima akanitazama mimi.

"Na huyu? Mwana wa nani wewe?"

"Wa Saidi wa vitambaa."

"Wa Saidi! Mbona wanong'ona? Babako yuwasikika mpaka Makadara." Akacheka, akakohoa, akashika ubavu. "Haya. Nileteeni changu."

Mzee Kazungu aliweka kisanduku juu ya mkeka, juu ya kitambaa cheupe kilichokuwa kimeshatandikwa. Akafungua orodha. "Nyama iliyobaki ni hii. Vishikizi ni hivi. Na pete ni nane."

"Mmehisabu?"

"Huyu ndiye aliyehesabu. Mimi nimetia sahihi."

Wote wawili wakanitazama. Nilikitazama kile kitambaa cheupe, kimekatwa kwa mkasi mzuri, kingo zimekunjwa na kushonwa kwa mkono. Mtu mgonjwa alikuwa amekaa akashona kingo.

"Ni saba, bibi," nikasema.

Mzee Kazungu aligeuza kichwa.

"Moja ilikatika mkononi mwangu, ikaenda na maji. Sikusema. Nikaikata nyengine vipande viwili ili zitimie."

Bi Tima alivuta pumzi, na mara hii sikujua kama ni kifua au ni mimi.

"Yaani nimekatwa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza na daktari, na mara ya pili na wewe. Daktari aliniomba ruhusa."

Akamgeukia mwenzangu.

"Mzee, wewe ulilijua hili?"

"Sikulijua, mama." Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko yangu. "Lakini sahihi ni yangu."

"Hiyo ilokwenda na maji, ni ipi?"

"Ya tano," nikasema.

"Ilikuwa na nini ya tano?"

Mzee Kazungu alitia mkono mfukoni. Alisita, nadhani aliona haya kutoa zawadi wakati ule, lakini alikunjua karatasi akanipa mimi. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilimwonyesha kwa kidole changu, na kidole chake kikafuata nyuma yangu.

"Hapa ni asubuhi. Imetulia. Hapa tuliitia neno la kukaza. Yapanda, waona? Ilipanda mpaka tukadhani itatoka nje ya karatasi. Hapa imekaza, haitaki. Na hapa tukaitia lile linalotoka kwenye moyo."

"Moyo wa nani?"

"Mfano wake, bibi. Hutengenezwa. Lakini wako hutoa vile vile."

"Ikafanya nini?"

"Ikafunguka. Yote. Hakuna nyengine iliyofunguka vile siku hiyo."

Kidole chake kilishuka na mstari mpaka chini, kikakaa hapo. "Na mimi siku hiyo nilikuwa wapi?"

"Wodini. Umelala."

"Nimelala," akasema, "na huyu yuwafanya kazi." Aliirudisha karatasi mwanzoni, akashuka tena na mstari peke yake, bila mimi. Nilimsikia akivuta pumzi mstari unapopanda na kuitoa unaposhuka, sijui kama alijua anafanya hivyo. Kisha akaifunga karatasi akaitia chini ya mto.

"Hivyo vyengine vifungeni, ndugu yangu avichukue kabla ya magharibi. Hii si nyama, haizikwi. Na wewe, mwana wa Saidi. Huyo daktari wenu ashajua?"

"Bado."

"Basi kesho."

Tulitoka. Tulipofika barabarani Mzee Kazungu alisema, "Nilitia sahihi," hayo tu, akavuka upande wa pili. Wiki nzima hakuniita Bi Kimya. Aliniita kwa jina langu, na sijawahi kulichukia jina langu kama wiki ile.

Kesho yake nilimwambia Daktari. Hakupiga kelele. Alichukua rula, akapiga mstari juu ya pete ya nne na ya tano katika daftari kuu, kwa sababu mvuto wa pete hugawanywa kwa uzito wake, na uzito wa zote mbili ulikuwa wangu wa kubuni. Pete nzuri kuliko zote za mwaka huu haimo katika hesabu yake. Ukienda kwenye daftari utaiona, mstari mwekundu, na herufi za jina langu pembeni. Nimeomba zisifutwe.

Julai yote hatukupata fomu yoyote kutoka Mji wa Kale. Nilijua ni kwa sababu yangu. Nilikuwa nikipita barazani kwao nikitazama chini, nikihisi kila kikombe cha kahawa kinanizungumzia. Tulipata pafu moja kutoka bara, na siku nyingine tulisafisha vioo vilivyokwisha kusahau.

Wiki ya pili ya Agosti Daktari alitoka ofisini na karatasi. Mgonjwa ni mama mwengine wa Kibokoni, jirani wa Bi Tima. Amekubali kutoa. Sharti ni lile lile, mabaki yarudishwe yazikwe, na chini yake muuguzi alikuwa ameandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Daktari alimpa Mzee Kazungu. Mzee Kazungu alisoma, akavua miwani, akanipa mimi.

Pete zihisabiwe na yule msichana alosema saba.

"Bi Kimya," Mzee Kazungu akasema, "nenda ukaoshe vikombe."

Nilizihesabu mwenyewe, kwa sauti, mara tatu. Zilikuwa sita, na zote sita zikarudi.

Kiti ni hicho. Mguu mfupi uwekee karatasi iliyokunjwa mara nne. Skrubu ya hodhi ya tano hulegea ukigeuza kuelekea dirishani, si kuelekea mlangoni. Hesabu kabla ya kugusa pampu. Na siku mstari wa kwanza utakapopanda mbele yako, usikimbilie kuandika. Tazama kwanza.